Irkutsk kwa Mgeni: Pa Kulala, pa Kula na pa Kunywa

Mgeni anayepata shida Irkutsk, mji wa Siberia nchini Urusi, mara nyingi hashindwi na baridi, ingawa baridi ndiyo anayoiogopa kabla ya safari. Hushindwa kwa sababu amefika na kadi ya benki isiyofanya kazi, amekodi chumba upande wa mto usio na pa kula, kisha akashinda na njaa mchana kutwa akingojea usiku ndipo ale mlo mkubwa, ilhali mji huu hupika vizuri zaidi, na kwa bei nafuu zaidi, wakati wa mchana. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa mambo kama yatakavyokukabili: pesa, chumba, sahani, kikombe, na hatimaye kikapu cha kuondokea kwenye treni. Umeandikwa kwa ajili ya yeyote anayekwenda kwa siku chache, awe mwanafunzi aliyepata nafasi katika mojawapo ya vyuo vikuu vya pale au msafiri aliyekusudia kuliona Ziwa Baikal.

Hatua ya kwanza: Tayarisha pesa, ramani na saa yako

Tangu Machi 2022, kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi nchini humo, iwe kwenye mashine ya kutolea pesa, dukani au hotelini. Beba dola au yuro taslimu, noti safi zisizochanika wala kuandikwa, na uzibadilishe benki kidogo kidogo. Ukipitia Moscow, badilisha kiasi cha kukutosha siku mbili ukiwa huko huko, kwa kuwa ndege nyingi hufika Irkutsk alfajiri au asubuhi, na si jambo la kupendeza kusimama uwanjani huna hata nauli ya basi.

Pakua ramani ya 2GIS kabla ya kuondoka. Programu hii ilianzishwa Novosibirsk mwaka 1999, nayo hufanya kazi bila intaneti na huonyesha hata mlango wa kuingilia jengo. Katika miji ya Siberia jambo hilo si dogo, kwani mikahawa mingi mizuri iko chini ya ardhi au nyuma ya jengo, uani, na mgeni anaweza kulizunguka jengo zima katika theluji huku harufu ya supu ikimcheka. Jifunze pia herufi 33 za Kirusi. Kazi hiyo ni ya jioni mbili tu, na malipo yake ni kwamba utaweza kusoma mwenyewe vibao vitatu vitakavyokulisha: столовая (stolovaya, yaani kantini), позная (poznaya, ambayo nitaieleza baadaye) na халяль (halali).

Kuhusu saa, Moscow na Afrika Mashariki hutumia saa zilezile, lakini Irkutsk iko saa tano mbele. Kwa hiyo ukiwa unakunywa chai ya asubuhi kwa mwili wako, wenzako wa pale wamekwisha kula chakula cha mchana. Nitakuonyesha punde kwa nini tofauti hiyo inaweza kukugharimu mlo.

Hatua ya pili: Chagua ukingo wa mto kwanza, hoteli baadaye

Irkutsk ulianza mwaka 1661 ukiwa ngome ya mbao kwenye ukingo wa kulia wa mto Angara, na hadi leo, ukiwa na wakazi wapatao 600,000, moyo wake haujahama ukingo huo. Stesheni kuu ya treni, hata hivyo, iko ukingo wa kushoto. Wageni wengi wanaoshuka kwenye treni wamechoka hukodi chumba karibu na stesheni kwa kuwa ni rahisi kukifikia, kisha siku zote zilizobaki huvuka daraja kwenda na kurudi. Ushauri wangu ni kwamba ulale karibu na stesheni pale tu unapofika usiku wa manane au unapoondoka alfajiri. Vinginevyo panda tramu, vuka daraja, ukalale mjini.

Eneo la kutafuta chumba ni lile lililo kati ya Uwanja wa Kirov, barabara ya Karl Marx na barabara ya Lenin. Ukiwa humo unaweza kutembea kwa miguu hadi Soko Kuu kupitia mtaa wa Uritsky, ambao haupitishi magari, na hadi kitongoji cha nyumba za mbao kiitwacho Kvartal 130. Hoteli ya Angara, iliyopo kwenye Uwanja wa Kirov, ni jengo kubwa la enzi ya Kisovieti ambalo kila dereva wa teksi analijua, na hiyo peke yake ni sifa. Hoteli ya Irkutsk, iliyowahi kuwa ya Intourist, shirika la utalii la Kisovieti, inatazamana na mto kwenye barabara ya Gagarin. Zaidi ya hizo kuna hoteli ndogo nyingi zenye vyumba kumi au kumi na tano, ambazo mimi huzipendelea, kwa kuwa anayekupokea ndiye huyo huyo atakayekuambia pa kula.

Hosteli za vitanda vya ghorofa ndizo nafuu kuliko zote. Tangu Oktoba 2019 sheria hairuhusu hosteli kuendeshwa ndani ya nyumba za makazi, kwa hiyo ukiona tangazo la hosteli iliyo katika fleti ya kawaida, achana nalo.

Booking na Airbnb zilisitisha huduma zao Urusi mwaka 2022. Tumia tovuti za Kirusi kama Ostrovok au Yandex, na uchague vyumba vinavyoruhusu kulipia ukifika. Kumbuka kwamba vyumba hupanda bei mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, watu wanapokuja kutembea juu ya barafu ya Baikal, na tena Julai na Agosti. Hoteli nyingi hukabidhi chumba saa nane mchana. Ukishuka kwenye ndege alfajiri, andika mapema uombe kuingia kabla ya wakati, au angalau uache mizigo mapokezi ukatembee.

Hatua ya tatu: Hakikisha umesajiliwa

Kila mgeni anayekaa zaidi ya siku saba za kazi mahali pamoja anapaswa kusajiliwa kwa mamlaka ya uhamiaji, na anayewajibika kutoa taarifa ni mwenyeji wake. Hotelini hili hufanyika bila wewe kuliona: utatoa pasipoti, viza na ile karatasi ndogo ya uhamiaji uliyopewa mpakani, navyo vitanakiliwa na kurudishwa. Omba nakala ya usajili na uiweke pamoja na pasipoti.

Kwenye nyumba za kupanga kwa siku, mambo hutegemea mwenye nyumba. Niliwahi kupanga fleti nzuri yenye dirisha la kuutazama mto, ambayo mwenyewe aliniahidi usajili kwa maneno matamu mpaka nilipolipa, kisha simu yake ikawa haipokelewi. Nilihamia hoteli ndogo siku ya nne na nikalipa mara mbili. Tangu hapo huuliza swali la usajili kabla sijauliza bei.

Na hapa kuna suala la lugha. Kwetu hata kibanda cha chai na maandazi huitwa hoteli; kule neno gostinitsa lina maana ya mahali pa kulala tu. Ukimuuliza mpita njia akuonyeshe hoteli ukiwa na njaa, utapelekwa kwenye kitanda.

Hatua ya nne: Kula mlo wako mkubwa mchana

Kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa au saa kumi alasiri, migahawa mingi, pamoja na ile ya bei kali, hutoa seti ya chakula inayoitwa biznes-lanch: saladi, supu, chakula kikuu na kinywaji kwa bei moja, ambayo mara nyingi haifikii bei ya sahani moja ya usiku mahali hapo hapo. Mgeni ambaye mwili wake bado uko Nairobi au Dar es Salaam huamka wakati seti hizo zimekaribia kwisha. Weka kengele ya simu.

Stolovaya ni nafuu zaidi, nayo ina utaratibu wake. Unachukua trei na kuisukuma juu ya reli za chuma kando ya kaunta, ukianza na saladi na mkate, kisha supu, kisha nyama na wanga, mwisho kinywaji, na mwanamama mwenye kofia nyeupe anakujazia sahani bila kupoteza neno. Usipojua jina la chakula, onyesha kwa kidole, hakuna atakayekucheka. Supu ya borsch ni nyekundu kwa viazisukari, shchi ni ya kabichi, na kijiko kizito cheupe kinachowekwa juu ni smetana, maziwa yaliyoganda yenye uchachu kidogo, ambayo aliyezoea mtindi au mala atayapenda mara moja. Grechka ni punje za kahawia zenye harufu ya kukaangwa. Wengi wetu huzikataa siku ya kwanza na kuziomba siku ya nne. Kotleta ni kababu ya nyama ya kusaga. Malipo ni mwisho wa mstari, na ukimaliza kula unapeleka trei mwenyewe kwenye rafu ya vyombo vichafu.

Jambo jingine la kujua kuhusu kila mahali pa kula wakati wa baridi: mlangoni kuna garderob, chumba cha kuachia makoti. Unamkabidhi mhudumu koti, anakupa kibati chenye namba, na unaingia ndani ukiwa mwepesi. Kukaa mezani na koti zito huonekana ni utovu wa adabu, na zaidi ya hapo utaungua, kwani ndani joto huwa kali hata kama nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri.

Hatua ya tano: Jifunze kula pozy

Irkutsk iko jirani na nchi ya Waburyati, watu wa asili ya Kimongolia, na chakula chao ndicho kilichouteka mji. Chakula hicho ni pozy, ambacho Waburyati wenyewe hukiita buuz: donge la unga lililokunjwa kama kifuko, lenye nyama ya kukatakata na kitunguu ndani, likaivishwa kwa mvuke, na juu yake pakaachwa tundu dogo. Poznaya ni mkahawa unaouza pozy, na upo karibu kila mtaa. Huuzwa kwa idadi. Watu wazima wengi hutosheka na tatu au nne. Usiagize kumi kwa kiburi.

Ulaji wake una mbinu. Weka uma pembeni. Shika donge kwa vidole, lilaze kiganjani kidogo, ung'ate ubavuni kwa meno ya mbele na kufyonza mchuzi uliomo kabla ya kula chochote, ukikumbuka kwamba mchuzi huo umetoka kwenye mvuke dakika moja iliyopita. Mchuzi ukikwisha ndipo unakula nyama na unga. Anayechoma kwa uma huona mchuzi wote ukimwagika sahanini, na ladha imekwenda nao. Mara ya kwanza mimi niliumwaga kwenye shati, na mzee wa meza ya jirani, bila kusema kitu, akainua donge lake polepole mbele yangu akanionyesha hatua moja baada ya nyingine.

Kwa Mwislamu, tahadhari ni kwamba pozy nyingi za mjini huchanganywa nyama ya ng'ombe na ya nguruwe. Uliza: *Yest svinina?*, yaani, kuna nguruwe? Maneno mengine ya kushika ni govyadina (ng'ombe), baranina (kondoo), kuritsa (kuku) na ryba (samaki).

Hatua ya sita: Wakati wa kukumbuka nyumbani, fuata Wauzbeki

Mji una jamii kubwa ya watu kutoka Asia ya Kati, na migahawa yao ndiyo kimbilio la anayetafuta halali. Hapo sikio la Mswahili hupumzika. Plov ni pilau, kwa jina na kwa asili, ingawa wao huweka karoti nyingi na kuchanganya mafuta ya kondoo. Samsa ni ndugu wa sambusa, ila yao huokwa kwenye tanuri la udongo badala ya kukaangwa. Shashlik ni mishikaki, na chai ni chai. Sukari ni sakhar. Nilipoagiza chai na plov kwa mara ya kwanza mhudumu alidhani najua Kirusi, akanimiminia maneno ambayo sikuelewa hata moja.

Msikiti wa mji uko barabara ya Karl Liebknecht, si mbali na katikati ya mji. Baada ya sala ya Ijumaa, kumuuliza mtu mlangoni anakokula yeye mwenyewe kutakusaidia kuliko kibao chochote cha dirishani.

Hatua ya saba: Samaki wa Baikal, kwa macho mawili

Omul ndiye samaki aliyeipa Baikal jina mezani. Kwa kuwa alikuwa akipungua, uvuvi wake wa kibiashara ulipigwa marufuku mwezi wa Oktoba 2017, na ndiyo sababu hupaswi kushangaa ukiletewa sig au harius badala yake. Nao ni watamu. Kwenye Soko Kuu, au kwenye soko la kijiji cha Listvyanka kando ya ziwa, chagua samaki wa *goryachego kopcheniya*, aliyekaushwa kwa moshi wa moto, ambaye ameiva kabisa. Hulika vizuri angali na uvuguvugu, kwa mkono, juu ya karatasi. Yule wa moshi baridi hajapikwa.

Wenyeji hupenda pia samaki mbichi: raskolotka, aliyegandishwa akagongwa kwa nyundo mpaka nyama ikaachana na ngozi, na sagudai, aliyekatwa vipande na kuchanganywa na kitunguu, chumvi na mafuta. Ladha yake ni safi ajabu, lakini samaki wa maji baridi akiwa mbichi anaweza kubeba minyoo. Mjamzito na mwenye tumbo jepesi waache kabisa. Mwingine ale kwenye mgahawa unaoaminika, si kwenye ndoo ya barabarani.

Halafu angalia bei. Kwenye menyu nyingi, samaki na nyama ya kuchoma huandikwa bei ya gramu 100, kwa herufi ndogo, 100 г. Katika mgahawa mmoja niliona samaki wa kuchoma ana bei inayokaribia ile ya supu, nikafurahi, nikaagiza. Alikuja akiwa na gramu mia nne na ushei, na bili nayo ikawa mara nne. Hakuna aliyenidanganya, sikusoma.

Listvyanka yenyewe iko kama kilomita 70 kutoka mjini, safari ya saa moja na zaidi kidogo kwa basi dogo. Nenda asubuhi, ule samaki, urudi kulala mjini.

Hatua ya nane: Vinywaji

Maji ya bomba ya Irkutsk hutoka Angara, mto pekee unaotoka Baikal, na wenyeji huyanywa wakijivunia. Shida inaweza kuwa mabomba ya jengo kuukuu. Yakitoka na rangi ya kutu, chemsha au nunua ya chupa.

Utajiri wa zamani wa mji huu ulijengwa kwa chai iliyopita Kyakhta, mpakani, ikitokea China, na mpaka leo chai hunywewa saa zote. Ukiagiza chai utaletewa birika la chai ya rangi. Maziwa hayaji mpaka uyaombe. Jaribu chai ya Kiburyati, ya majani ya kijani iliyochemshwa na maziwa na mara nyingine chumvi. Ukiionja ukitarajia chai ya tangawizi utaikataa. Ionje kama supu nyepesi na utaielewa. Mors ni maji ya matunda ya porini kama brusnika na klyukva, matunda madogo mekundu yenye ukali, na oblepikha, ya rangi ya chungwa, hutiwa kwenye chai ya moto yenye asali: hiyo ndiyo dawa ya mtu aliyetoka nje mwezi wa Januari. Kvass, kinywaji cha mkate uliochachushwa, huruhusiwa kuwa na kilevi kisichozidi asilimia 1.2, hivyo asiyegusa kilevi aamue mwenyewe.

Kwa anayekunywa, baa za Harat's zilizaliwa mji huu huu kabla ya kuenea kwingine. Kwa sheria ya nchi, maduka hayauzi pombe kuanzia saa tano usiku hadi saa mbili asubuhi, na mikoa inaweza kuongeza masaa hayo; kunywa barabarani ni kosa.

Hatua ya tisa: Jioni kwenye Kvartal 130

Kitongoji hiki cha nyumba za mbao zenye nakshi madirishani, nyingine zikiwa zimehamishwa na nyingine kujengwa upya, kilifunguliwa mwaka 2011 wakati mji ukiadhimisha miaka 350. Mlangoni pake amesimama Babr, sanamu ya mnyama wa nembo ya mji aliyebeba mdomoni sable, mnyama wa jamii ya kicheche. Hapo ndipo watu wote hukutania. Bei za humo ni za kitalii. Ukitaka kutumia pesa mara moja tu, mgahawa wa Rassolnik hupika vyakula vya enzi ya Kisovieti kwa namna ya kukumbuka siku za nyuma. Siku nyingine tembea tu, unywe kitu cha moto, na chakula ukale mchana mahali pengine. Bakshishi ya asilimia kumi ni ya kawaida lakini si lazima.

Usiku wa baridi betri ya simu hufa ghafla, hata ikiwa inaonyesha nusu. Andika anwani ya hoteli kwa Kirusi kwenye karatasi na uiweke mfukoni.

Hatua ya kumi: Kikapu cha treni

Ikiwa unaondoka kwa reli, pitia Soko Kuu asubuhi ile ile. Nunua mkate, jibini, samaki wa moshi moto aliyefungwa vizuri mara mbili (majirani wa behewa watakushukuru), na mfuko wa mbegu za msonobari wa Siberia, ambazo hubanguliwa moja moja kwa meno na hupoteza saa nzima bila mtu kujua. Kila behewa lina chombo cha maji ya moto yasiyokwisha, hivyo majani ya chai na kikombe vinatosha. Ukielekea mashariki, Ulan-Ude, kaa dirisha la kushoto: baada ya saa mbili hivi reli huteremka hadi ukingoni mwa Baikal na kufuatana nalo kwa muda mrefu, na huo ndio wakati wa kumfungua yule samaki.